Asilimia 102: Kisa cha Astrid Lindgren na waziri wa fedha

Tarehe 10 Machi 1976, gazeti la jioni la Expressen la mjini Stockholm lilichapa ngano. Mwandishi wake, Astrid Lindgren, alikuwa bibi wa miaka 68 ambaye vitabu vyake vilikuwa vimeshalea kizazi kizima cha watoto wa Uswidi na kuanza kulea cha pili. Ngano ilimhusu mama mmoja aitwaye Pomperipossa, mwandishi wa vitabu vya watoto katika nchi ya Monismania, ambaye siku moja anagundua kwamba kila kitabu chake kinachouzwa kinamzidishia umaskini. Miezi sita baadaye, chama kilichokuwa kimeshika serikali kwa miaka arobaini na ushei kikashindwa uchaguzi.

Wanaokisimulia kisa hiki wengi hukifupisha hivyo hivyo: bibi kaandika hadithi, serikali ikaanguka. Simulizi tamu, ila ina matundu, na nitayafikia. Kazi yangu mimi ni kuwaandalia watu hesabu za kodi: wenye maduka, wenye bodaboda tatu nne, na siku hizi waandishi wawili watatu wanaojichapishia vitabu vyao. Kwa hiyo kilichonivuta hapa ni hesabu iliyomo ndani ya ngano. Nimeirudia kwa kikokotoo na imetoka sawa hadi krona (fedha ya Uswidi) ya mwisho. Naamini uzito wa kisa chote umekaa hapo.

Krona inayokula nyingine

Kuna kosa ninalokutana nalo kila mara. Mtu kapandishwa mshahara, kaingia ngazi ya juu ya PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, anakuja kwangu amenuna: "Sasa wananikata asilimia thelathini ya mshahara wote." Hawamkati hivyo. Asilimia 30 inagusa kile kipande kilichovuka mpaka wa ngazi peke yake. Vipande vya chini vinaendelea kukatwa kwa viwango vyao vidogo. Kiwango cha juu ni swali la shilingi ya mwisho. Ukiongeza shilingi moja leo, serikali inachukua senti ngapi? Kwa mwajiriwa wa Tanzania aliye ngazi ya juu kabisa, jibu ni senti 30.

Kwa Lindgren, mwaka ule, jibu lilikuwa asilimia 102. Akipata krona moja zaidi, anadaiwa krona moja na öre mbili, yaani senti mbili za krona.

Katika ngano, Pomperipossa anapoambiwa habari hiyo anakataa katakata. Asilimia nyingi kiasi hicho, anasema, hazipo duniani. Ni jibu la mtoto wa darasa la nne, na ni jibu sahihi kabisa. Mwalimu yeyote wa hesabu angemwunga mkono. Lakini zipo, na anakaa kuzihesabu. Mwaka huo anatarajia krona milioni 2. Katika 150,000 za kwanza analipa 108,000, anabaki na 42,000. Nyingi sana hizo zilizokwenda, lakini hajalalamika bado. Zimebaki krona 1,850,000. Zote hizi ziko juu ya mpaka, zinatozwa asilimia 102, nazo ni krona 1,887,000.

Tulia hapo kidogo. Kipande hiki kimeleta 1,850,000 na kimedaiwa 1,887,000. Kuna upungufu wa 37,000, na deni la serikali halisubiri. Litalipwa na nini? Na zile 42,000 alizoachiwa mwanzoni. Ukitoa 37,000 katika 42,000 unabaki na 5,000, na hizo ndizo za kula mwaka mzima kwa mwandishi aliyeingiza milioni mbili. Angeweka kalamu chini siku alipofikisha 150,000, akalala hadi Desemba, angekuwa na 42,000.

Ngano inaishia kwenye 5,000, lakini nilipokuwa na kikokotoo mkononi nilisogea hatua moja mbele. Kwa kiwango hicho, kila krona 250,000 za ziada zinamla 5,000. Kwa hiyo akifikisha mapato ya 2,250,000 hana kitu. Akivuka hapo, anaanza kudaiwa kwa kosa la kupendwa na wasomaji. Nilimwonyesha mwenzangu tunayeshirikiana ofisi, mzoefu wa mambo haya kuliko mimi, akaniambia nimekosea mahali pa kuweka nukta. Tukarudia pamoja. Nukta ilikuwa mahali pake.

Imetoka wapi 102?

Hakuna mtu aliyekaa mezani akaamua kwamba mwandishi wa vitabu vya watoto alipe zaidi ya anachopata. Kilichotokea ni cha kawaida zaidi, na kwa mtu wa kazi yangu kinatisha zaidi.

Mwajiriwa wa Uswidi alilipa kodi ya mapato ya aina mbili, ya manispaa na ya taifa. Ile ya taifa ndiyo iliyopanda ngazi kwa ngazi, na kwa mwenye mapato makubwa mbili hizi pamoja zilichukua sehemu kubwa sana ya krona ya mwisho. Mbali na hizo kulikuwa na michango ya hifadhi ya jamii, inayolipwa na mwajiri juu ya mshahara. Mfanyakazi hakuiona, haikupita mkononi mwake. Katikati ya miaka ya 1970 serikali, wafanyakazi na vyama kadhaa walikaa katika kasri la Haga wakakubaliana kupunguza kodi ya mapato na kuziba pengo kwa kuongeza michango ya waajiri. Kwa fundi wa kiwandani ilikuwa habari njema: mfukoni kunabaki zaidi, mwajiri anabeba.

Sasa mweke mwandishi katika mpango huo. Hana mwajiri. Kisheria yeye ni mtu aliyejiajiri, kwa hiyo yeye ndiye mfanyakazi anayelipa kodi ya mapato na yeye ndiye bosi anayelipa michango. Mzigo uliohamishwa kutoka bega moja kwenda jingine, kwake ulihama kutoka bega la kulia kwenda la kushoto, na ukaongezeka njiani. Kila sheria peke yake ilikuwa na maana. Zilipokutana kwenye fomu ya mtu mmoja ndipo zikafanya kama madaktari wawili wasiojuana, kila mmoja kaandika dawa nzuri, na mgonjwa kazimeza zote.

Haikumpata Lindgren peke yake. Wenye biashara zao na wengine waliojiajiri walikuwa kwenye kapu lilelile. Ila wenye biashara wakilalamikia kodi, nani husikiliza? Ndiyo kazi yao kulalamika.

Mtu wa nyumbani

Hapa lazima nimweleze mwandishi mwenyewe, maana ngano hiyo hiyo ikiandikwa na mtu mwingine ingekufa jioni ileile.

Astrid Ericsson alizaliwa tarehe 14 Novemba 1907 huko Näs, kando ya mji mdogo wa Vimmerby katika jimbo la Småland. Baba yake, Samuel August, alikuwa mkulima aliyekodi shamba la kanisa. Utoto wake, wa kupanda miti na kulala kwenye nyasi kavu na ndugu zake watatu, ndio alioutumia maisha yake yote kuandikia. Utoto huo ulikatika ghafla. Akiwa na miaka 18, mwanafunzi wa kazi katika gazeti la mji, alipata mimba ya mhariri wake, mwanamume mtu mzima mwenye watoto. Vimmerby ilikuwa na midomo. Akaondoka kwenda Stockholm kujifunza hatimkato na kupiga chapa, na mwezi Desemba 1926 akajifungua mtoto wa kiume, Lars, huko Copenhagen, kwa kuwa hospitali ya Rigshospitalet ilimruhusu mama ajifungue bila kutaja jina la baba.

Mtoto akabaki kwa mama mlezi kule Denmark kwa miaka mitatu. Yeye akarudi Stockholm, karani wa mshahara mdogo, akibana chakula ili apate nauli ya treni ya kwenda kumwona mwanawe kwa siku moja mbili na kurudi. Mwaka 1931 aliolewa na Sture Lindgren, wakaishi pamoja na Lars, na mwaka 1934 akazaliwa Karin.

Mtu aliyepita njia hiyo, si vigumu kuona kwa nini alivipenda vitu ambavyo Wasoshalisti wa Kidemokrasia, chama tawala, walikuja kuvijenga nchini mwake: kliniki za mama na mtoto, posho ya watoto, shule, pensheni. Alikipigia chama hicho kura miaka yote. Na Pomperipossa wake vilevile: ngano inamwonyesha akiipenda nchi yake, misitu na maziwa yake, na hata wale wazee wenye hekima wanaoitawala, ambao kawapa kura kila uchaguzi kwa zaidi ya miaka arobaini. Analipa kodi kwa moyo mkunjufu, na anafurahi kwamba katika nchi yake hakuna anayeachwa ateseke kwa umaskini. Kisha anaonyeshwa asilimia 102.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na chama tawala kilikuwa na haki ya kuushika usemi huo kichwani asubuhi ya tarehe 11.

Tena alikuwa mtu wa kazi, jambo ambalo nadhani wasomaji walilihisi. Hadithi ya msichana Pippi ilianza mwaka 1941 kitandani kwa Karin, aliyekuwa mgonjwa na kumwomba mama yake amsimulie habari za Pippi Långstrump, jina alilolibuni papo hapo. Mwezi Machi 1944 Lindgren akateleza kwenye theluji, akateguka kifundo cha mguu, na kwa kuwa alilazimika kulala akaanza kuiandika kwa hatimkato. Karin akapewa kama zawadi alipotimiza miaka 10. Nakala nyingine ilikwenda kwa Bonniers, wachapishaji wakubwa wa nchi, wakairudisha. Mwaka uliofuata akaishindanisha katika mashindano ya kampuni changa ya Rabén & Sjögren, ikachukua nafasi ya kwanza. Kampuni hiyo ikamwajiri mwaka 1946, akawa mhariri wa vitabu vya watoto hadi alipostaafu mwaka 1970. Asubuhi aliandika vitabu vyake kitandani, kwa hatimkato, katika daftari ndogo. Mchana alikwenda ofisini kuhariri vya wenzake. Daftari hizo zipo, mamia kwa mamia, katika maktaba ya taifa kule Stockholm, na kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kuzisoma ila mwenye mkono wake.

Katika kitabu cha kwanza Pippi anakwenda shule siku moja tu, kwa wivu wa likizo ya Krismasi ambayo wenzake wanaipata na yeye haipati. Mwalimu anamuuliza saba na tano ni ngapi. Hajui, na anashangaa kwa nini mwalimu asijifanyie mwenyewe hesabu zake. Msichana huyo ana sanduku zima la sarafu za dhahabu na hajawahi kujaza fomu ya kodi maishani. Mama aliyembuni ndiye akaja kumfundisha hesabu waziri wa fedha.

Waziri

Gunnar Sträng alikuwa mkubwa wake kwa mwaka mmoja, kazaliwa mwaka 1906. Naye alitoka shambani, tena chini zaidi: aliwahi kuwa kibarua wa mashamba, akapanda kupitia chama cha wafanyakazi wa mashamba hadi serikalini. Wizara ya fedha aliishika tangu mwaka 1955. Mwaka 1976 alikuwa na miaka 21 kwenye kiti hicho, na kwa Waswidi wengi bajeti na Sträng vilikuwa kitu kimoja.

Bungeni alijibu kwamba makala ile ni mchanganyiko wa kuvutia wa kipaji cha uandishi na ujinga mkubwa kuhusu njia za kodi zilizojaa kona, akaongeza kwamba, hata hivyo, hatumtarajii Astrid Lindgren ayaweze hayo. Naweza kuyaona mabenchi ya chama chake yakicheka.

Jibu la Lindgren lilikuwa fupi. Gunnar Sträng, alisema, kusimulia hadithi anajua tangu zamani, ila kuhesabu hajui. Afadhali wabadilishane kazi.

Nimesoma majibu mengi ya viongozi kwa wananchi, ya kwetu na ya kwingine, na hili la Sträng ni la kuwekwa kwenye kitabu cha mafunzo. Alimjibu mtu, hakuigusa namba. Alipaswa kufanya kitu kimoja tu kabla ya kusimama: kumwita kijana mmoja wa wizarani na kumwambia, hebu nipigie hii. Dakika kumi zingetosha. Angejua kwamba 102 ni kweli, na angeweza kusimama na kusema, mama yetu kaona kasoro, tutairekebisha. Wangempigia makofi hata wapinzani. Badala yake alimtazama bibi wa hadithi akaona hadithi. Baadaye Waziri Mkuu Olof Palme mwenyewe alikiri kwenye televisheni kwamba hesabu ya mama yule ilikuwa sahihi, na kasoro yenyewe ikaja kurekebishwa. Lakini kicheko kilikuwa kimeshahama upande.

Mtu aliyekaa wizara moja miaka 21 huacha kupiga hesabu, anakumbuka majibu. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Dunia nzima ilikuwa imewasifu Waswidi kwa mfumo wao, wataalamu walikwenda kujifunza kwao, na pombe ikaanza kuwa nyepesi bila mgema mwenyewe kuonja.

Kwa nini ngano?

Angeweza kuandika barua kwa mhariri. Angeweza kuandika makala yenye jedwali. Kwa nini ngano?

Sisi wa pwani tumelelewa kwenye fumbo. Ukitaka kumsema mwenye nguvu unamtafutia sungura na fisi, au unanunua kanga yenye maneno yake na kupita mbele ya mlango wake. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Niliposikia kwanza habari ya ngano hii nilidhani ni ya ukoo huo: kaogopa kusema wazi, kajificha nyuma ya Monismania. Nilikosea. Hakuna kilichofichwa. Jina Pomperipossa lilitoka kwenye ngano ya zamani ya Kiswidi ya mchawi mwenye pua ndefu, na mwandishi wa vitabu vya watoto katika nchi yenye misitu na maziwa, iliyotawaliwa na chama kimoja miaka arobaini, alikuwa anajulikana tangu mstari wa kwanza. Namba zilikuwa za kweli, na sheria ilikuwa ya kweli.

Ngano ina ruhusa ambayo makala ya uchumi haina: inaweza kwenda polepole bila kumwonea aibu msomaji. Mwenye kuandika makala ya kodi anaogopa kuonekana mshamba, kwa hiyo anaruka hatua. Anaandika "kiwango cha juu kilichojumuishwa" na kuendelea. Msomaji asiyeelewa anajiona mjinga na kufungua ukurasa wa michezo. Pomperipossa hajui kitu, kwa hiyo kila kitu lazima aelezwe. Anauliza, anakataa kuamini, anahesabu kwa vidole mbele yetu, anarudia. Mwisho wa ngano kila mtu mzima nchini, hata yule aliyekimbia hesabu tangu shule ya msingi, alikuwa ameshapiga hesabu ya kodi hatua kwa hatua na kuielewa. Miaka thelathini ya kuwaandikia watoto ndiyo iliyomfundisha kutoruka hatua.

Kisha akaweka kichekesho mahali panapouma. Pomperipossa akiwa hana kitu anawaza kuomba senti barabarani ili anunue mtaimbo, akavunje hazina ya serikali na kujichukulia chake. Mwisho anaishi kwa posho ya ustawi wa jamii na haandiki tena. Serikali iliyotaka asilimia 102 inapata sifuri, na juu yake inamlisha.

Je, ilimwangusha Palme?

Turudi kwenye yale matundu.

Uchaguzi wa mwaka 1973 ulikuwa umetoa bunge la ajabu: viti 175 kwa kambi ya kushoto, 175 kwa kambi ya kulia. Kura zilipolingana bungeni, walipiga bahati nasibu, kweli kabisa, kwa kuchomoa karatasi. Baada ya hapo viti vikapunguzwa hadi 349 ili aibu hiyo isirudi. Kwa hiyo Palme aliingia mwaka 1976 akiwa amesimama kwenye ukingo. Tarehe 19 Septemba chama chake kilipata asilimia 42.7, kutoka asilimia 43.6 za mara iliyotangulia. Anguko halikufika hata asilimia moja. Lilitosha: kambi ya kulia 180, ya kushoto 169, na Thorbjörn Fälldin wa Chama cha Kati akawa waziri mkuu.

Fälldin alikuwa amefanya kampeni kubwa dhidi ya mitambo ya nyuklia, na wachambuzi wengi huanzia hapo. Kulikuwa na mpango wa vyama vya wafanyakazi wa kuhamishia hisa za makampuni kwenye mifuko ya wafanyakazi, uliowatia hofu wengi. Na kulikuwa na Ingmar Bergman: tarehe 30 Januari mwaka huohuo polisi walimchukua mwongozaji huyo wa filamu akiwa katikati ya mazoezi kwenye jumba la maigizo la taifa, kwa tuhuma za kodi. Tuhuma zilifutwa Machi, lakini alikuwa ameshaugua kwa fedheha, na Aprili akaihama nchi. Ngano ya Lindgren ilitua katikati ya miezi hiyo. Mwezi mmoja msanii mkubwa anatolewa na polisi, mwezi mwingine bibi wa taifa anaonyesha fomu yake. Na Lindgren hakuishia kwenye ngano: aliendelea kuandika na kukisema chama chake hadi siku za kampeni.

Hukumu yangu basi ni hii. Ngano peke yake haikuangusha serikali; kwa pengo dogo kama lile kila mwenye jiwe anaweza kudai ndiye aliyelenga. Ilichobadilisha ni nani mwenye ruhusa ya kulalamika. Kabla ya Machi, aliyenung'unikia kodi Uswidi alijulikana: tajiri, mchoyo, mtu wa kulia. Baada ya Machi, mwalimu na muuguzi waliweza kuuliza kazini, wakati wa kahawa, kama wale wakubwa wanajua kuhesabu, na asionekane msaliti yeyote. Chama kilizoea kuwajibu matajiri. Hakikuwa na jibu kwa watu wake.

Sisi wa huku nasi tusicheke haraka. Krona zile hazikuishia Stockholm. Kituo cha elimu cha Kibaha, hapa Tanzania, kilianza na fedha za nchi za Nordiki mwanzoni mwa miaka ya 1960, shule na kituo cha afya na mafunzo ya wakulima. Bwawa la umeme la Kidatu lilijengwa kwa mkono wa Uswidi pia. Palme na Mwalimu Nyerere walikuwa marafiki, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopokea msaada mwingi wa Waswidi. Taa niliyosomea utotoni huenda ilikuwa na öre kadhaa za mauzo ya Pippi ndani yake. Lindgren hakuwahi kusema kodi ni wizi. Alikubali kwa roho safi kiwango ambacho wateja wangu wangeandamana barabarani kukipinga. Alisimama pale tu hesabu ilipovuka mia.

Yaliyofuata nayataja kwa kifupi, maana kila moja lina kisa chake. Mwaka 1978, alipopewa tuzo ya amani ya wauza vitabu wa Ujerumani, alihutubia dhidi ya kuwapiga watoto; mwaka uliofuata Uswidi ikawa nchi ya kwanza duniani kukataza kumchapa mtoto hata nyumbani. Katika miaka ya 1980 akahamia kwa ng'ombe na kuku wa mashamba makubwa, akaandika tena magazetini, na sheria ya wanyama ya mwaka 1988 ikapewa jina lake mitaani. Hakuiridhia, aliiona haina meno. Viongozi walishajifunza: safari hiyo waziri mkuu alikwenda nyumbani kwake, Dalagatan 46, kumpa habari yeye mwenyewe.

Alifariki tarehe 28 Januari 2002, na miaka 13 baadaye benki kuu ya Uswidi ilimweka kwenye noti mpya ya krona 20, uso wake mbele na Pippi pembeni. Ninayo moja, aliniletea mteja aliyekuwa masomoni kule, naihifadhi chini ya kioo cha meza. Kwa kiwango cha mwaka 1976, ambaye angeipata noti hiyo juu ya mapato mengine angedaiwa krona 20 na öre 40. Asingeweza kuzilipa kwa fedha taslimu: Uswidi iliondoa sarafu ya mwisho ya öre mwaka 2010.